Kiziwi Amefika Hospitalini: Mafunzo ya Watumishi Yaanzie Getini, Yaishie Dirisha la Dawa

Hospitali zetu zinaendeshwa kwa sauti. Mlinzi anauliza getini, karani wa mapokezi anaita majina kupitia tundu la kioo, muuguzi anatangaza nani aingie kwa daktari, maabara wanaita tena, na mwishoni dirisha la dawa linatoa maelezo ya haraka huku foleni ikisukumana nyuma. Mtu asiyesikia anaweza kupotea katika hatua yoyote kati ya hizo, na ugonjwa wake ukabaki pale pale alipokuja nao.

Semina nyingi za kuelewa viziwi hulijibu tatizo hili kwa kufundisha ishara ishirini au thelathini: habari, jina lako nani, maumivu, dawa, asante. Ishara hizo ni jambo jema, maana zinaonyesha heshima, lakini hazitoshi kueleza kwa nini mgonjwa afunge kula kabla ya upasuaji. Wala hazimsaidii aliyeitwa mara tatu kwa jina akakosa zamu. Mafunzo yanayofaa huanza kwa kazi nyingine kabisa: watumishi waifuate njia yote ya mgonjwa, kutoka getini hadi dirisha la dawa, waandike kila mahali ambapo taarifa hupita masikioni tu, kisha waamue pale itapitia wapi badala yake.

Wasiosikia si kundi moja

Kosa la kwanza kufanyika kwenye wodi ni kudhani kwamba njia moja inawafaa wote.

Wapo viziwi waliozaliwa hivyo au waliopoteza usikivu utotoni, ambao lugha yao ya kwanza ni lugha ya alama. Tanzania wanatumia Lugha ya Alama ya Tanzania, Kenya Lugha ya Ishara ya Kenya. Hizi ni lugha mbili tofauti, kila moja na sarufi yake, na hakuna hata moja ambayo ni Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Uso ni sehemu ya sarufi hiyo: nyusi zikiinuka au kukunjamana zinaweza kubadilisha sentensi kuwa swali, na mashavu yakionyesha ukali wa maumivu, hayo ndiyo maelezo yenyewe. Muuguzi asiyejua hili humwona mgonjwa kama mtu mwenye hasira au mgomvi, akaanza kumkwepa. Wengine katika kundi hili hawakupata shule. Hawa hutumia ishara za nyumbani ambazo ndugu zao tu ndio wanazifahamu, na kwao hata mkalimani mahiri atahitaji muda, picha, na mara nyingine kiziwi mwenzao wa kusaidia kufafanua.

Wapo waliopoteza usikivu ukubwani, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa ajali, au kwa dawa zinazodhuru sikio la ndani: gentamaisini, streptomaisini, amikasini, na kanamaisini iliyotumika kwa miaka mingi kutibu kifua kikuu sugu. Mtu huyu anazungumza vizuri na anasoma vizuri, ila hajui ishara hata moja. Kwa kuwa anaongea kama kawaida, watumishi hudhani anasikia, na akiomba arudiwe huonekana msumbufu. Kumletea mkalimani ni kupoteza muda. Mpe kalamu na karatasi.

Kundi kubwa kuliko yote ni la wazee. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya usikivu ya mwaka 2021, lilieleza kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana kiwango fulani cha upungufu wa usikivu, na milioni 430 hivi kati yao wanahitaji huduma za kuwasaidia. Kwa waliovuka miaka 60, zaidi ya robo wana upungufu unaowaathiri katika maisha ya kila siku. Wengi wao hawatakwambia. Watatabasamu, watatikisa kichwa, watajibu swali ambalo hukuuliza. Katika makazi ya wazee jambo hili huandikwa haraka kuwa ni kusahau au kuchanganyikiwa, hata kabla ya mtu yeyote kuchungulia sikio kuona kama limezibwa na nta.

Na wapo wasiosikia wala kuona, ambao hupokea maneno kwa kuguswa: ishara zinazofanywa ndani ya viganja vyao, au herufi kubwa zinazochorwa kwa kidole kwenye kiganja, moja baada ya nyingine. Kwao, mtumishi anayeondoka bila kuwagusa kuwaarifu anawaacha wakizungumza na chumba kitupu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgonjwa liwe moja: tuwasiliane vipi? Liwekwe kwenye kadi ngumu iliyopo mapokezi, yenye picha nne za kuonyesha kwa kidole: mikono inayofanya ishara, kalamu na karatasi, uso unaozungumza, na simu yenye mkalimani wa video. Jibu liandikwe juu ya faili au kwenye mfumo wa kumbukumbu mahali ambapo kila atakayelifungua ataliona. Lisipoandikwa, mgonjwa atalazimika kujieleza upya kwa kila mtumishi, na zamu ikibadilika usiku kila kitu kinaanza sifuri.

Neno moja la kuacha kabisa ni “bubu”. Viziwi wenyewe wanalikataa. Kiziwi ndilo jina wanalojiita, na chama chao Tanzania, CHAVITA, kinaitwa Chama cha Viziwi.

Midomo inaonyesha kidogo kuliko tunavyodhani

Imani kwamba kila kiziwi anasoma midomo ni hatari kuliko kutojua kitu. Sehemu kubwa ya sauti za lugha hutengenezwa ndani ya kinywa zisikoonekana, na zile zinazoonekana hufanana. Kwenye midomo, p, b na m ni kitu kimoja, hivyo baba, papa na mama hayatofautiani. T, d na n nazo zinakaribiana sana. K, g na h hutokea nyuma ya kinywa na hazionekani kabisa.

Sasa weka hilo dirishani. Karani anauliza “Una bima?” na mgonjwa anaona “Unapima?” Maneno hayo mawili kwenye midomo ni yale yale, na hospitalini yote mawili yana mantiki. “Damu” inafanana na “tamu”. “Dawa” inafanana na “nawa”. Msomaji midomo hodari hujaza mapengo kwa kukisia kutokana na mada, ndiyo maana anachoka upesi, na ndiyo maana mgonjwa mwenye homa au uchungu hubaki na uwezo mdogo zaidi wa kukisia.

Ukiwa na mgonjwa anayesoma midomo, simama au kaa mbele yake, umbali wa mita moja hadi moja na nusu, uso wako ukilingana na wake. Mwanga uangukie usoni mwako. Ukisimama dirisha likiwa mgongoni, yeye anaona kivuli. Vuta usikivu wake kwa kumgusa begani kwa upole au kupunga mkono ndani ya upeo wa macho yake. Usimshtue kwa nyuma. Taja mada kwanza, onyesha kitu chenyewe ikiwezekana, ndipo uulize. Sema kwa mwendo wa kawaida, sentensi fupi, bila kutafuna wala kushika kidevu. Asipopata mara mbili, usirudie neno lile lile mara ya tatu: badili sentensi au andika. Namba, tarehe na dozi ziandikwe kila mara.

Kupiga kelele hakusaidii mtu. Midomo hupinda, uso unaonekana wa ukali, na anayevaa kifaa cha kusikia hupata mlio uliokwaruza badala ya maneno. Barakoa nayo hufuta njia hii yote. Pale ambapo hakuna hatari ya maambukizi, rudi hatua mbili na uishushe wakati wa kuzungumza. Pale isiposhushika, tumia yenye kidirisha cha plastiki angavu au andika.

Karatasi nayo ina mitego

Kwa kiziwi aliyekua na lugha ya alama, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, aliyojifunza bila kuisikia. Kiswahili hubeba maana nzito katika silabi ndogo. Kati ya “unywe” na “usinywe” ni “si” tu, na hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa ataingia chumba cha upasuaji tumbo likiwa tupu. “Meza kabla hujala” ina umbo la kukanusha mahali ambapo hakuna kinachokanushwa, na msomaji wa lugha ya pili anaweza kuichukua kuwa anywe dawa siku ambayo hajala. Andika “meza kabla ya kula”. Tumia sentensi moja kwa jambo moja. Kanusho liandikwe peke yake: USILE. USINYWE MAJI. Chora msalaba juu ya picha ya sahani na ya glasi.

Bahasha za dawa zetu huandikwa 1×3 au 2×2. Hesabu hiyo haijielezi kwa mtu ambaye hakuisikia ikifafanuliwa, na 2×3 huweza kusomeka kama vidonge sita kwa mkupuo. Chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila moja chora idadi ya vidonge. Saa za Kiswahili pia huleta mkanganyiko. “Saa mbili” ya mdomoni ni nane kwenye simu, na kiziwi huamshwa na mtetemo wa simu yake. Andika 8:00 kama simu inavyoonyesha, kisha weka jua au mwezi pembeni.

Halafu lile swali linaloharibu kila kitu: “Umeelewa?” Mgonjwa atatikisa kichwa. Anatikisa kwa adabu, kwa uchovu, kwa kuona foleni nyuma yake, au kwa kuwa ameona midomo ikisimama na uso wako ukisubiri jibu. Kutikisa kichwa kusihesabiwe kuwa jibu. Mpe vidonge na bahasha, mwombe aonyeshe atameza vingapi na lini. Akikosea, badili njia ya kueleza, usirudie ile ile. Hatua hii inachukua dakika mbili, na kama mafunzo yote yangelazimika kubaki na jambo moja tu, libaki hili.

Mkalimani, na kwa nini si mtoto wa mgonjwa

Kuna mambo ambayo kadi na michoro haviwezi kubeba: kueleza utambuzi wa ugonjwa mzito, ridhaa ya upasuaji, majibu ya VVU, uzazi wa mpango, ukatili wa nyumbani, afya ya akili. Hapa anahitajika mkalimani wa lugha ya alama aliyefunzwa.

Kinachotokea mara nyingi ni kumtumia ndugu aliyemsindikiza mgonjwa. Ndugu huyo hufupisha, huficha habari mbaya kwa huruma, hujibu badala ya mgonjwa, na wakati mwingine ndiye chanzo cha tatizo lililomleta mgonjwa hospitalini. Mwanamke hawezi kueleza kipigo kupitia mikono ya mume wake. Mtoto wa miaka kumi hapaswi kumtafsiria mama yake kwamba uvimbe wake ni saratani. Ndugu abaki kama msindikizaji, kwa hiari ya mgonjwa. Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vilianzishwa vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa VVU vilivyoendeshwa na viziwi wenyewe, kwa sababu hiyo hiyo ya siri: mtu azungumze mambo yake bila mtu wa tatu.

Mkalimani hukaa pembeni ya daktari, nyuma yake kidogo, ili mgonjwa awaone wote wawili kwa mtazamo mmoja. Daktari amtazame mgonjwa na aseme “Maumivu yalianza lini?” badala ya “Muulize yalianza lini.” Asiandike huku anaongea, wala asimwonyeshe mgonjwa picha ya eksrei huku maelezo yakiendelea, kwani macho hayawezi kuwa mahali pawili: onyesha, nyamaza aangalie, ndipo ueleze. Tenga muda mara mbili ya kawaida. Kazi ikipita dakika 20 hadi 30 mfululizo, mkalimani anahitaji kupumzika au kupokewa na mwenzake, kwa kuwa usahihi hushuka kabla yeye mwenyewe hajagundua. Ukalimani kwa simu ya video unafaa dharura, ila simu isimamishwe mahali imara, mtandao uwe wa kutosha, na kamera ya kila upande ionyeshe kifua, uso na mikono yote miwili.

Orodha ya wakalimani na namba zao ikae kwa afisa ustawi wa jamii na nakala iwe kwenye chumba cha zamu ya usiku. Atakayelipa ajulikane mapema. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao katika ibara ya 9 unataja wakalimani wa lugha ya alama, na katika ibara ya 25 unataka huduma ya afya itolewe kwa ridhaa ya mgonjwa aliyeelewa. Sahihi iliyowekwa kwenye fomu ambayo mgonjwa hakuielewa si ridhaa. Mganga mfawidhi asipotenga fedha ya mkalimani kwenye bajeti, sheria hizo zote zinaishia kwenye kabati.

Wodini, leba na chumba cha upasuaji

Mikono ya kiziwi ndiyo sauti yake. Kanula, ile sindano ya dripu inayobaki mkononi, ikiwekwa kwenye mkono anaoutumia zaidi, au kwenye kiganja na kufungwa kwa plasta hadi vidoleni, umemnyamazisha. Muulize anatumia mkono gani, uweke sindano kwenye mwingine, ikiwezekana juu ya kifundo. Miwani yake isiondolewe bila sababu. Taa ikizimwa usiku kabisa, mazungumzo yamekwisha, kwa hiyo acha taa ndogo kando ya kitanda na kitanda chake kitazame mlango. Kengele ya moto haitamwamsha: kila zamu iwe na jina la mtumishi atakayemfuata.

Leba ndipo maandalizi yanapodaiwa zaidi. Mkunga hukaa upande wa miguu na kutoa amri kwa sauti, wakati mama anahitaji kuona uso na mikono. Kabla uchungu haujakolea, kubalianeni ishara tatu: sukuma, acha, pumua. Mtumishi wa pili asimame upande wa kichwa, akizirudisha kwa mama. Mguse begani na umwonyeshe kabla ya kila uchunguzi. Kwenye upasuaji wa kujifungua pazia hukata macho, hivyo awepo mtu kichwani ambaye hayuko ndani ya eneo safi la upasuaji na uso wake unaonekana. Baada ya kuzaa, kitanda cha mtoto kigusane na cha mama, na watumishi wapangiane ratiba ya kumwangalia, kwa kuwa kilio hakitamfikia.

Kwa anayevaa kifaa cha kusikia, kisitolewe hadi dawa ya usingizi ianze kufanya kazi, na kirudishwe mara anapozinduka. Kabla ya kuingia kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha kwa sumaku kali, hutolewa bila kubakiza. Mwenye kipandikizi cha koklea, kile kilichowekwa kwa upasuaji ndani ya sikio, ana kadi inayotaja aina yake, nayo isomwe kabla ya kipimo hicho na kabla ya daktari wa upasuaji kutumia umeme wa kukatia au kuzuia damu, kwa sababu vyote viwili vinaweza kukiharibu na kumjeruhi.

Shimesikio zinazolala kwenye droo

Katika makazi ya wazee, shimesikio nyingi, yaani vifaa vya kusikia, zinazosemwa “zimeharibika” ni nzima. Washa kifaa, kifunike kwenye kiganja kilichokunjwa: kwa vingi utasikia mluzi. Kimya maana yake ni betri au tundu lililozibwa. Betri za kawaida hufanya kazi kwa hewa. Bandua kistika, iache ipate hewa dakika moja au mbili, ndipo uiweke. Ukishabandua, inaanza kuisha hata isipotumika, basi usizibandue zote kwa pamoja. Rangi ya kistika hutaja ukubwa: chungwa ni 13, kahawia 312, buluu 675. Fungua kifuniko cha betri kila usiku. Betri zikae mbali na watoto na wazee waliochanganyikiwa, maana ikimezwa ni dharura.

Mluzi ukitokea kikiwa sikioni, kiumbo, ile sehemu inayoingia sikioni, hakijakaa sawasawa, kimekuwa kidogo kwa sikio, au nta imejaa. Alama nyekundu ni sikio la kulia, buluu ni kushoto. Kiumbo hutenganishwa na mashine na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mashine yenyewe isiguse maji. Mikoa ya pwani, kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, unyevu hujikusanya ndani ya kimrija kinachounganisha mashine na kiumbo na kukata sauti, kwa hiyo usiku kifaa kilale kwenye kopo lenye vidonge vya kunyonya unyevu. Kimrija kikikakamaa, kibadilishwe. Miezi mitatu hadi sita ni kawaida. Nta isichokolewe kwa vijiti vya pamba, vinaisukuma ndani. Matone ya mafuta ya zeituni kwa siku tatu hadi tano huilainisha, ila sikio lenye usaha au ngoma iliyotoboka lisiwekwe kitu bila kuonwa na mtaalamu.

Jinsi ya kuyaendesha mafunzo

Mkufunzi awe kiziwi, akiwa na mkalimani. Watumishi wengi watakuwa hawajawahi kuzungumza na kiziwi kwa zaidi ya dakika moja, na saa tatu za kumsikiliza mtu huyo akiongoza darasa zinabadilisha mtazamo kuliko slaidi yoyote. Walioalikwa wasiwe wauguzi peke yao. Mlinzi, karani, mtu wa maabara, mfamasia na mhudumu wa usafi ndio wanaokutana na mgonjwa kwanza na mwisho.

Zoezi la kuziba masikio kwa pamba au sponji lina kasoro. Hata vizibo vya sponji hupunguza desibeli 20 hadi 30 tu, haviigizi uziwi, na washiriki hutoka wakiwa na huruma badala ya ujuzi. Bora dirisha la dawa la kimya: mshiriki mmoja anapewa cheti cha dawa tatu, anamweleza mwenzake bila kutumia sauti, kwa michoro, ishara na maandishi, kisha mwenzake anaonyesha atakavyomeza. Makosa yahesabiwe mbele ya wote. Linalofuata ni kusoma midomo, kwa orodha ya maneno kumi ya hospitali yakichanganywa bima na pima, damu na tamu.

Nusu siku inatosha kwa wote. Watu wawili kwa kila zamu wapelekwe mbele zaidi, kwenye kozi halisi ya lugha ya alama ya miezi kadhaa, na wasihamishwe idara kila robo mwaka, kwani uhamisho ndio unaoua mafunzo haya kuliko usahaulifu. Hata hao wakiiva, kazi yao ni kupokea, kutuliza na kueleza mambo mepesi. Mazungumzo ya ridhaa bado ni ya mkalimani.

Baada ya miezi mitatu, omba chama cha viziwi cha mkoa kilete watu wawili wapite kama wagonjwa wa kawaida, kutoka getini hadi dirisha la dawa, bila watumishi kujulishwa siku. Waandike wapi waliitwa kwa sauti, nani aliwaonyesha kadi, nani aliuliza “Umeelewa?” na kuridhika na kichwa kilichotikiswa. Ripoti iende kwa mganga mfawidhi na muuguzi mkuu, na mafunzo yanayofuata yapangwe kutokana na yaliyoandikwa humo.